Mwalimu Anayebaki

Chai haina subira. Jani likishachumwa huanza kunyauka palepale, na lisipofika kiwandani siku hiyohiyo ubora wake umekwenda. Ndiyo maana wachumaji wa Bulwa, juu kwenye milima ya Usambara Mashariki, hutoka nyumbani ukungu ungali umelala juu ya mistari ya chai, kapu mgongoni, kipande cha nailoni kimefungwa kiunoni kuzuia umande. Malipo hufuata mzani. Mama aliyechelewa saa moja amepoteza kilo za saa moja. Na kila alfajiri, kabla hajavuka kizingiti, kuna jambo la kuamua: huyu wa miaka minne abaki na nani?

Jibu la miaka mingi limekuwa dada yake. Ni msichana wa miaka minane au tisa, ambaye mwenyewe alipaswa kuwa darasani. Mara ya kwanza anaambiwa abaki leo tu. Kisha inakuwa wiki, kisha msimu mzima wa mvua, kwa sababu mvua ndiyo inayochipuza majani na majani yakichipua mama hana nafasi ya kukaa nyumbani. Mdogo analelewa na mtoto mwenzake, na mkubwa anaachwa nyuma na darasa lake. Watoto wawili wanapoteza kwa mpigo mmoja.

Bulwa ipo tarafa ya Amani, wilaya ya Muheza, mkoani Tanga. Pamoja na Kwamkoro, ni moja ya mashamba mawili ya kampuni ya East Usambara Tea Company, yamekaa katikati ya misitu inayojulikana dunia nzima kwa mimea na wanyama wake. Wajerumani waliweka taasisi yao ya utafiti wa kilimo hapo Amani mwaka 1902, na serikali ikatangaza Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani mwaka 1997. Ng'ambo ya pili ya bonde la Lwengera ndiko Usambara Magharibi, yaani Lushoto na Bumbuli, nchi ya mboga, matunda na vijiji vilivyobanana mlimani. Watafiti wa ndege na vinyonga wamepanda milima hii kwa zaidi ya karne moja. Watoto wa wachuma chai na wakulima wadogo hawajaandikwa hata robo ya hivyo.

Umaskini wa huku una sura yake. Ardhi ni ya kijani, migomba imestawi, maji yanateremka kila bonde, na mgeni anaweza kudhani hakuna anayelala njaa. Lakini familia nyingi zinategemea kibarua au zao moja, na zao hilo likiyumba nyumba nayo inayumba. Kiwanda cha chai cha Mponde, huko Bumbuli, kilipofungwa mwaka 2013 kwa mgogoro kati ya wakulima na mwekezaji, chai ya wakulima wadogo ilikosa pa kupelekwa kwa miaka. Nyumba inapofika hapo, daftari la mtoto wa darasa la saba litatafutiwa hela. Mtoto wa miaka minne hana daftari, hana mtihani, hana anayemdai. Yeye ndiye wa mwisho kukumbukwa, na umri wake ndio usiorudi.

Hapo ndipo wanapoingia watu ambao makala haya yanawahusu: kikundi cha akina mama, kamati ya msikiti, usharika wa kanisa, masista, chama cha wazazi, wakati mwingine shirika dogo lenye watumishi watatu na pikipiki moja. Wanatafuta chumba, wanatafuta binti aliyemaliza kidato cha nne, wananunua sufuria, wanafungua chekechea. Wazee wengine bado wanaiita shule ya vidudu. Kufungua si kazi kubwa sana. Kazi ni kuikuta ipo mwaka wa tatu.

Mtu akiingia katika darasa la namna hiyo linaloendeshwa vizuri, kitu cha kwanza atakachokiona ni sakafu. Watoto hawajapangwa kwenye madawati wakitazama migongo ya wenzao. Wamekaa mkekani, makundi makundi. Kona moja ina vizibo vya soda vilivyooshwa, kona nyingine magunzi ya mahindi, mbegu, vijiti vilivyokatwa sawasawa na kufungwa kumi kumi kwa kamba ya mgomba. Mtoto anapewa vizibo na kuambiwa avipange kwa rangi. Anaanza na vyekundu. Anakutana na kimoja chekundu upande mmoja, kimepauka upande wa pili kwa kutu, anakigeuza, anakigeuza tena, anamtazama mwalimu. Mwalimu hasemi kitu. Mtoto anakiweka peke yake, katikati ya mafungu mawili, kisha anaendelea. Katika dakika ile amelinganisha, amesita, ameamua na ametengeneza fungu jipya ambalo hakuna aliyemfundisha. Hisabati yote itakayofuata imejengwa juu ya kitendo hicho.

Kitu cha pili ni lugha. Vijijini Lushoto watoto wengi wanafika wakijua Kisambaa. Kiswahili wamekisikia sokoni na redioni. Kwenye mashamba ya chai mambo yamechanganyika zaidi, kwa kuwa wafanyakazi walitoka mikoa mingi, na mtoto anaweza kuwa na lugha moja ya baba, nyingine ya mama na ya tatu ya jirani. Elimu ya awali ya serikali hufundishwa kwa Kiswahili. Mwalimu aliyetoka kijijini hapohapo anajua kwamba mtoto anayesema "mazi" anaomba maji, anamchotea kwanza, kisha anamwambia neno la Kiswahili akiwa ameshika kikombe mkononi. Mwalimu mgeni angeweza kumwona mtoto huyo mzito wa kuelewa, kumbe mtoto ana neno lake, tena sahihi kabisa.

Kitu cha tatu ni uji, na huo unastahili kusemwa zaidi ya mistari miwili. Mtoto aliyeamshwa saa kumi na moja na nusu, akala kiporo cha ugali au hakula kabisa, ifikapo saa nne anasinzia. Takwimu za Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 zilionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Udumavu haulingani na wembamba. Mtoto anaweza kuonekana mnene na mchangamfu, lakini urefu wake hauendani na umri, na nyuma ya urefu huo kuna ubongo uliokosa chakula katika siku zake za kukua haraka. Kikombe cha uji wa saa nne hakiwezi kufuta yaliyokwisha kutokea. Kinachoweza ni kumfanya mtoto awe macho kwa saa mbili zinazofuata. Pia kinamleta: walimu wa chekechea wanajua kuwa siku sufuria isipowekwa jikoni, kesho yake mkeka una nafasi.

Basi tufanye hesabu ambayo kila kamati ya chekechea huifanya, mara nyingi nyuma ya karatasi ya kalenda. Tuseme kuna watoto 30 na wazazi wamekubaliana kuchanga shilingi 3,000 kwa mwezi. Hiyo ni 90,000. Kumi wakishindwa, inabaki 60,000. Humo utoke unga, sukari, kuni, sabuni ya kuoshea vikombe, chaki, na posho ya mwalimu. Kima cha chini cha mshahara katika sekta ya kilimo kilichoanza kutumika Januari 2023 kilikuwa shilingi 140,000 kwa mwezi. Yaani hata wazazi wote wakilipa, na mwalimu akipewa kila senti, bado angepata pungufu ya mchumaji wa kima cha chini. Kwa mwezi mmoja anavumilia. Mwezi wa tatu anasema mama yake anaumwa Korogwe. Mwezi wa nne ameenda Tanga mjini au Dar es Salaam kuuza dukani kwa mtu, na chumba kinafungwa kwa kufuli. Watoto wanarudi kwa dada zao.

Chekechea nyingi za maskini zimekufa hivyohivyo. Majengo yao bado yapo, mengine yana kibao cha mfadhili ukutani. Aliyekosekana ni mtu wa kusimama mlangoni saa mbili asubuhi.

Tatizo hili si geni, na Tanzania imelizungukia kwa muda mrefu. Wakati wa vijiji vya ujamaa, vituo vya kulelea watoto mchana vilifunguliwa ili akina mama waende mashambani, na Umoja wa Wanawake wa Tanzania, UWT, ulikuwa mstari wa mbele kuvihimiza. Mwaka 1981 ikatungwa sheria maalumu ya vituo hivyo, ambayo baadaye nafasi yake ilichukuliwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Kijiji kilimlipa mlezi kwa mazao au kwa fedha za mfuko wake. Mfuko ulipokauka katika miaka migumu ya themanini, vituo vingi vikakauka nao.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ikaitambua elimu ya awali rasmi, na ile ya mwaka 2014 ikaifanya sehemu ya elimumsingi ya lazima. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ukafuta ada na michango kuanzia Januari 2016. Matokeo yalikuwa makubwa. Watoto waliokuwa madarasa ya awali walivuka kidogo milioni 1 mwaka 2015. Mwaka uliofuata walikuwa zaidi ya milioni 1.5. Hilo lilikuwa tendo la haki, na mtu aliyeona mzazi akirudishwa getini na mwanawe kwa kukosa mchango hawezi kulidharau. Lakini walimu hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Mwongozo unataka mwalimu mmoja kwa watoto 25. Katika shule za serikali, mwalimu mmoja mwenye mafunzo alijikuta na watoto zaidi ya 100. Vizibo vya soda havina maana mbele ya watoto mia moja. Mwalimu anabaki na silaha moja tu, kuimbisha: a, e, i, o, u.

Na kuna umbali. Shule ya msingi ya kijiji cha mlimani inaweza kuwa upande wa pili wa bonde. Mtoto wa darasa la nne anashuka na kupanda kwa dakika arobaini. Wa miaka mitano hawezi, na wakati wa masika, huko Amani kunakonyesha karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, mzazi mwenye akili zake hamruhusu. Darasa la chini ya mwembe linalopigwa picha sana katika mikoa mingine halifai huku. Huku bati ni la lazima kabla ya chaki.

Ndiyo asili ya vituo vilivyo nje ya shule mama. Wananchi wanajenga chumba kitongojini, watoto wa awali na wa madarasa ya kwanza wanasoma humo, na kikikomaa kinasajiliwa kuwa shule kamili. Jina lake la kiserikali ni shule shikizi. Wananchi walitangulia, serikali ikafuata: mwaka 2021, katika madarasa 15,000 yaliyojengwa kwa mkopo wa kukabiliana na athari za UVIKO-19, 3,000 yalipelekwa kwenye shule shikizi. Katika mikoa kadhaa, kati yake Dodoma, Kigoma, Lindi, Mara, Shinyanga, Simiyu na Tabora, mpango wa EQUIP-Tanzania uliokuwa ukifadhiliwa na Uingereza uliendesha mafunzo ya utayari wa shule ya wiki chache kwa watoto ambao hawakuwahi kupita darasa la awali. Waliofundisha walikuwa vijana wa kijiji waliochaguliwa na jamii yao, wakapewa mafunzo mafupi na kitabu cha hadithi za kusimulia. Wazo lilikuwa jema, na watoto walifaidika. Swali la posho lilirudi palepale mradi ulipofika ukingoni.

Mahali ambapo swali hilo limefikiriwa kwa undani zaidi katika Afrika Mashariki ni pwani, ndani ya madrasa. Mwanzoni mwa miaka ya themanini, viongozi wa Waislamu wa pwani ya Kenya walikuwa na wasiwasi: watoto wao walikuwa wanakwenda chuoni kusoma Kurani, lakini walipoingia shule ya msingi walikuwa nyuma ya wenzao. Walimwomba Aga Khan msaada. Mwaka 1986 mpango wa chekechea za madrasa ulianza Mombasa, ukiongozwa na mwalimu aliyeaminiwa na mitaa yake, Bi Swafiya Said. Ukaenea Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993, hadi chekechea zaidi ya 200, kila moja ikimilikiwa na jamii yake.

Bi Swafiya na wenzake hawakuanza kwa kujenga. Walianza barazani. Walikaa na wazee, na imamu, na akina mama ambao awali hawakupewa nafasi ya kusema, mkutano baada ya mkutano, mpaka jamii yenyewe ikaamua na kutia saini mkataba: sisi tutatoa chumba, tutachagua kamati yenye wanawake, tutaleta mabinti wa hapa wafundishwe ualimu, ninyi mtatufundishia na kututembelea. Mafunzo yalichukua nyimbo, hadithi na vifaa vya pwani, vifuu, makuti, kombe za baharini, na kuvipanga kwa utaratibu wa kujifunza kwa kutenda uliobuniwa na taasisi ya HighScope ya Marekani. HighScope ilitokana na jaribio maarufu la Perry, lililoanza mjini Ypsilanti, Michigan, mwaka 1962: watoto 123 wa familia maskini za Wamarekani weusi, nusu hivi wakapelekwa chekechea nzuri na nusu hawakupelekwa, kisha wakafuatiliwa mpaka umri wa miaka 40 na zaidi. Waliosoma chekechea walikuwa na kipato kikubwa zaidi na walikamatwa na polisi mara chache zaidi.

Kisha Bi Swafiya na wenzake wakaja kwenye posho. Chekechea iliyofikia viwango ilifanyiwa mahafali, na siku hiyo ilipewa mtaji wa kudumu. Jamii ilichanga sehemu yake, Aga Khan Foundation ikaongeza yake, fedha za chekechea nyingi zikawekezwa kwa pamoja, na gawio lake likawa linasaidia mishahara ya walimu. Mtaji wenyewe haukuguswa. Waswahili wanaijua akili hii tangu zamani. Ndiyo akili ya wakfu, minazi iliyowekwa kwa ajili ya mafuta ya taa ya msikiti. Gawio hupanda na kushuka pamoja na soko, na peke yake halikutosha. Lakini lilimpa mwalimu sababu ya kubaki mwezi wa nne.

Utafiti wa Lars-Erik Malmberg, Peter Mwaura na Kathy Sylva, uliochapishwa mwaka 2011 baada ya kuwafuatilia watoto wa Kenya, Uganda na Zanzibar, ulikuta kwamba watoto wa chekechea za madrasa waliendelea vizuri zaidi kiakili kuliko wa chekechea nyingine. Zanzibar nayo ikaiweka elimu ya maandalizi ndani ya elimu ya lazima katika sera yake ya mwaka 2006.

Visiwani huko kuna mfano mwingine mdogo unaopendeza. Katika miaka hiyohiyo, Wizara ya Elimu ya Zanzibar, pamoja na shirika la EDC na msaada wa Marekani, ilianzisha masomo ya redio yaitwayo Tucheze Tujifunze. Watu wakayafupisha kuwa TUTU. Mlezi wa kijijini, asiye na cheti cha ualimu, alikusanya watoto barazani au kwenye kibanda, akafungua redio, na sauti ya redio ikamwongoza yeye na watoto: sasa simameni, sasa hesabuni hatua zenu, sasa mwambie jirani yako jina la mnyama huyu. Redio ilisita, watoto wakajibu, redio ikaendelea. Katika vijiji ambavyo mwalimu aliyesomea asingefika kwa miaka kumi, somo lilifika kila asubuhi kwa betri.

Tukirudi milimani, Usambara haijaanza jana kulea watoto wasio na wa kuwalea. Lutindi, ambako leo kuna hospitali ya wagonjwa wa akili, wamisionari walianza mwaka 1896 na nyumba ya watoto waliookolewa utumwani. Irente, karibu na mji wa Lushoto, Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya KKKT ina kituo cha kulelea watoto wachanga waliofiwa na mama zao, wanaolelewa hadi waweze kurudi kwa ndugu, na shule ya watoto wenye ulemavu wa akili na usonji. Lengo la kumrudisha mtoto kwa ukoo wake, badala ya kumweka kituoni mpaka akue, ni la busara kuliko majumba mengi ya yatima yaliyojengwa nchini kwa fedha za wageni.

Ubiri, kilomita chache kabla ya Lushoto ukipanda kutoka Mombo, masista wa Usambara wanaendesha kituo cha mafunzo ya walimu wa Montessori, na kando yake hosteli ya Mtakatifu Eugen, ambako wageni hununua jibini na jamu. Wengi wanaokunywa chai pale hawajui kwamba mbinu inayofundishwa chumba cha pili ilizaliwa kwa ajili ya watoto hasa kama wa Bulwa. Januari 1907 Maria Montessori alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto San Lorenzo, mtaa wa makabwela mjini Roma, kwa sababu wazazi walikuwa vibaruani mchana kutwa na watoto walikuwa wanazurura na kuchafua kuta. Mwenye jengo alitaka kuta zake zipone. Montessori akagundua kwamba watoto wale, wakipewa vitu vya kushika vilivyopangwa kwa ngazi na wakiachwa wavirudie kadiri wanavyotaka, wanatulia na kuzama kazini kwa muda ambao hakuna aliyewadhania. Siku hizi, katika shule nyingi za kulipia mijini, jina la Montessori limekuwa alama ya wenye nacho. Kwa binti wa Lushoto anayejifunza kutengeneza ngazi za vijiti kwa mbao za msonobari, jina hilo limerudi lilikotoka.

Si kila chekechea ya kijamii ni njema. Ipo inayogeuzwa darasa la kwanza dogo: watoto wa miaka mitatu wanashikishwa penseli, wananakili ubaoni, anayekosea anachapwa. Wazazi wengine ndio wanaolitaka hilo. Daftari lililojaa ndilo ushahidi wao kuwa hela yao imefanya kazi. Kamati yenye msimamo huwaita wazazi waketi mkekani wenyewe, wapange vizibo, waone. Ipo pia ile inayoanzishwa kwa ajili ya mgeni wa kupiga picha. Na lipo jambo linalouma zaidi: kusifia jamii kunaweza kuwa njia ya kumtwika maskini mzigo wa kila mtu. Mchuma chai ambaye tayari analipa kodi kwenye sukari, sabuni na vocha, anaombwa tena kumlipa mwalimu wa elimu ambayo sera inasema ni haki ya mwanawe. Elimu bila malipo ilipoanza, na Rais John Magufuli alipokataza michango shuleni Januari 2018, shule zilizotegemea mchango wa uji zilibaki bila uji. Waraka Namba 3 wa mwaka 2016 ulikuwa tayari umefafanua nani anawajibika kwa nini, lakini kati ya karatasi na sufuria kuna safari.

Mpango mkubwa wa serikali umekuwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, PJT-MMMAM, iliyozinduliwa Desemba 2021. Inamtazama mtoto tangu mimba hadi miaka minane kwa mambo matano pamoja: afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, ulinzi na usalama. Mtandao wa mashirika ya malezi ya awali, TECDEN, umekuwa ukiipeleka mikoani. Awamu yake ilipangwa kufika mwisho Juni 2026. Kwa kijiji, kilicho muhimu zaidi ndani ya programu hiyo ni kutambuliwa kwa vituo vya malezi vya kijamii. Kituo kikisajiliwa kupitia afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, kinaweza kukaguliwa, mlezi wake anaweza kupelekwa mafunzoni, mhudumu wa afya anaweza kuja kupima urefu wa watoto papo hapo. Kisiposajiliwa, ni chumba cha mtu tu.

Vikundi vinavyodumu vimejifunza kutotegemea kapu moja. Wengine wana vikoba, na riba ya mikopo ya wanachama inatoa fungu la mwalimu kabla ya mgawo wa mwisho wa mwaka. Wengine wana nusu eka ya mahindi na maharage inayolimwa kwa zamu, kwa hiyo unga hautoki kwenye mchango. Asiye na shilingi 3,000 analeta mzigo wa kuni au anapika Jumanne. Jina lake kwenye daftari la kamati linawekewa alama ileile ya aliyelipa taslimu, na hilo ni la maana sana, kwa sababu mama anayeona haya kudaiwa humficha mtoto nyumbani. Kwenye mashamba makubwa, mwajiri naye hana budi kuhesabiwa: chumba kimoja katika safu ya nyumba za wafanyakazi, na mlezi mmoja kwenye orodha ya mishahara, ni gharama ndogo kwa kampuni na mkombozi kwa safu nzima.

Saa nane mchana kengele ya reli iliyoning'inizwa mtini inagongwa. Wakubwa wanawashika mikono wadogo na kufuata njia ya katikati ya chai, mmoja akiwa na kizibo chekundu mfukoni ambacho hakupaswa kuondoka nacho. Mwalimu amekiona. Anakunja mkeka, anahesabu vikombe, 28, anavifunika kwa kitambaa, kisha anafungua daftari la kamati kuona kama fungu la mwezi huu limeingia.